Kulwa na Doto Ndani ya Jiwe

Mama yangu mdogo alikuwa ananunua zebaki kwa kizibo. Kizibo cha soda, vile vile tulivyokuwa tunachezea drafti mtaani kwetu Shinyanga. Muuzaji anakuja mwaloni na kichupa cha dawa ya kikohozi, kizito kuliko kinavyoonekana, anafungua, anamimina kizibo kimoja, anafunga. Hakuna mizani. Zebaki inajaa hadi ukingoni, inavimba juu kidogo kama jicho, na haimwagiki.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mama alinipeleka kwa mdogo wake, kijiji kimoja cha machimbo upande wa Rwamagasa, Geita, ambayo wakati huo bado ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikamwona anamwaga kile kizibo kwenye karai la mchanga mweusi, anakunja mikono ya gauni, anakanda kama anayekanda unga wa chapati. Baadaye alinipa tone moja nichezee kiganjani. Lilikimbia huku na huko, likagawanyika, likaungana tena. Mpaka leo sijapata mchezo mzuri kama ule.

Nimeanza na hilo karai kwa sababu kwa miaka miwili iliyopita nimekuwa nikisoma historia ya namna binadamu alivyojifunza kutenganisha isotopu za metali, na kila nikifungua kitabu kinachohusu Marekani, Denmark au Uingereza, narudi palepale mwaloni. Mwanzoni nilidhani ni ushamba wangu tu, mtoto wa Usukuma anayetafuta kwao kwenye kila kitu. Kisha nikaona kwamba zebaki yenyewe imo katika hadithi hii tangu mwanzo. Na Kiswahili nacho kimo.

Tuanze na maneno, maana hapa ni kwa wapenda maneno.

Kiswahili kina utajiri wa kutisha wa vitenzi vya kutenga. Tunapepeta, tunachekecha, tunachuja, tunachambua, tunakamua, tunateua, tunachenjua. Si visawe. Kila kimoja kinategemea tofauti fulani kati ya vitu vilivyochanganyika. Ukipepeta mtama, upepo unabagua chepesi na kizito. Ukichekecha, tundu la chekeche linabagua kidogo na kikubwa. Ukichuja, linalotiririka linaachana na lisilotiririka. Kwenye migodi ya almasi walitumia meza zilizopakwa grisi: maji yakipita, changarawe inakwenda zake, almasi inang'ang'ania grisi. Na kuchenjua dhahabu kwa zebaki kunategemea uroho. Zebaki inaipenda dhahabu, mchanga haiutaki.

Kwa hiyo jiwe likitoka kwenye duara, linapondwa kwa nyundo, linaingia kalashani, linatoka unga. Unga unamwagiwa maji kwenye mteremko wa mbao uliotandikwa magunia au vipande vya zulia. Chepesi kinakwenda, kizito kinanasa kwenye nyuzi. Nyuzi zinasuuzwa kwenye karai, zebaki inamiminwa, mikono inakanda. Kisha kila kitu kinamiminwa kwenye kitambaa na kukamuliwa. Zebaki ya ziada inatoka kwa vitone vya fedha, ndani linabaki donge jeupe. Donge linawekwa kwenye kopo au kikaango, juu ya jiko la mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka ifike 1,064. Kati ya namba hizo mbili ndipo mama mdogo alipokuwa anapatia ada ya watoto wake. Zebaki inaondoka kama mvuke usio na rangi wala harufu, donge linageuka njano taratibu, na watoto tunasogea karibu tuone.

Hapo vitenzi vyetu vinafanya kazi sawasawa, kwa kuwa dhahabu na mchanga ni vitu viwili tofauti. Sasa fikiria vitu viwili ambavyo ni kitu kimoja.

Mwaka 1913, mwanakemia Frederick Soddy alikuwa mezani kwa chakula mjini Glasgow, anawaeleza waliokuwepo tatizo lililomsumbua: kuna atomu zenye uzito tofauti lakini tabia za kikemia zilezile, huwezi kuzitofautisha kwa dawa yoyote, na zote zinadai kiti kimoja kwenye jedwali la elementi. Aliyempa jina ni Margaret Todd, daktari wa Kiskoti ambaye pia alikuwa mwandishi wa riwaya na alichapisha kwa jina la kiume, Graham Travers. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "mahali palepale": isotopu. Nimefurahi kupita kiasi kugundua kwamba neno hilo limetungwa na mwandishi wa riwaya. Wanasayansi walikuwa na vipimo. Jina lilitoka kwa mtu aliyezoea kuwapa wahusika wake majina.

Sisi Wasukuma na ndugu zetu Wanyamwezi tusingehangaika na Kigiriki. Tungesema Kulwa na Doto. Mapacha, nyumba moja, sura moja, bibi anawachanganya, mwalimu anawachanganya, lakini mmoja ni mzito kidogo kuliko mwenzake. Kwenye urani, Kulwa ana uzito wa 238, Doto ana 235. Tofauti ni nyutroni tatu tu. Shida ni kwamba Doto ni wachache mno. Chota atomu elfu moja za urani kutoka karibu kwenye jiwe lolote hapa duniani: 993 hivi ni Kulwa, 7 ni Doto. Na ni Doto pekee anayepasuka kwa urahisi ukimpiga na nyutroni ya mwendo wa taratibu, akatoa nyutroni nyingine za kuwapasua wenzake. Kwa mtambo wa umeme wa kawaida unataka Doto wafike asilimia 3 hadi 5. Kwa bomu unawataka wengi mno zaidi ya hapo.

(Dhahabu, nikumbushe tu, haina pacha. Isotopu yake iliyo tulivu ni moja tu, 197. Zebaki inazo saba. Sijui kwa nini jambo hili linanifurahisha, lakini linanifurahisha.)

Redio zetu zinaita kazi hiyo "kurutubisha urani." Neno limetoka kwenye rutuba, yaani samadi, mboji, shamba linalonona. Nina ugomvi nalo. Anayerutubisha shamba anaongeza kitu. Anayerutubisha urani haongezi chochote, anaondoa. Anawatoa Kulwa mmoja mmoja nje ya nyumba mpaka Doto wachache waliobaki waonekane wengi. Ni kuchenjua, na kama ningeulizwa ningeshauri tuseme hivyo. Lakini sijaulizwa.

Utawatoaje? Kemia haisaidii, dawa itakayomkamata mmoja itamkamata na mwenzake. Kilichobaki ni uzito, na tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba unapaswa kurudia kazi ileile maelfu ya mara. Na hapa ndipo zebaki inapoingia mara ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mjini Copenhagen, George de Hevesy na J. N. Brønsted walichukua zebaki, wakaipasha moto kidogo ndani ya chombo kisicho na hewa, na juu yake wakaweka kioo kilichopoozwa kwa hewa iliyogeuzwa kimiminika. Atomu nyepesi huruka haraka kuliko nzito. Zilizotangulia ziliganda kwenye kioo, zilizochelewa zilibaki chini. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka wakapata mafungu mawili ya zebaki yenye uzito unaotofautiana kwa kiasi kidogo sana lakini kinachopimika. Ilikuwa mojawapo ya mara za mwanzo kabisa binadamu kuwatenganisha mapacha wa metali, japo nusunusu.

Niliposoma hilo niliweka kitabu chini. Kwa sababu kikaango cha mama mdogo kilikuwa kinafanya jambo hilohilo, bila kioo na bila hewa baridi. Kila donge linapochomwa, zebaki nyepesi inatangulia kupaa. Siku hizi wanasayansi wanapima uwiano wa isotopu za zebaki kwenye matope na samaki ili kujua imetoka machimboni au kwingineko. Kwenye kikaango, kioo cha kuinasa kilikuwa bati la jikoni. Na mapafu yetu.

Sasa twende Katanga.

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut Katanga, aligundua mawe mazito yenye rangi za ajabu mahali panapoitwa Shinkolobwe. Kilichotafutwa siku hizo kilikuwa radiamu, iliyouzwa kwa bei ya kichaa kwa ajili ya tiba ya saratani. Kuanzia 1922 mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, radiamu ikachenjuliwa huko, na urani ikawa kitu cha ziada, kinachofaa kupaka rangi vyombo vya udongo. Kwa lugha ya Geita, urani ilikuwa marudio: ule mchanga unaorundikwa pembeni baada ya dhahabu kutoka, mpaka siku anatokea mtu mwenye njia mpya ya kuuchenjua, na ghafla rundo linakuwa mali na watu wanagombana.

Kambi za wafanyakazi za Union Minière zilijaa watu kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, na lugha iliyowaunganisha humo ilikuja kuwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho mtu wa Unguja akikisikia anakunja uso. Mawe bora ya Shinkolobwe yalichambuliwa kwa mkono. Yalikuwa na kiasi cha asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi ya Kanada na Colorado ilikuwa inahangaika na sehemu ya asilimia moja. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ya kutenga, kabla ya mashine yoyote, ilikuwa jicho na kiganja cha Mkongo. Na amri ya "weka huku, tupa kule" huenda ilitamkwa kwa Kiswahili. Katika vitabu nilivyosoma sijakutana na jina la mchambuaji hata mmoja.

Jina la bosi lipo kila mahali. Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni, alikuwa ameshaonywa na wanasayansi wa Ulaya kwamba mawe yake yanaweza kuleta maafa yakiangukia mikononi mwa adui. Mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo hadi New York, yakakaa kwenye ghala huko Staten Island, ndani ya mapipa. Septemba 1942, ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimtembelea ofisini kwake kuuliza kama anaweza kupata urani ya Kongo. Mzigo ulikuwa tayari, ng'ambo tu ya maji, unasubiri mnunuzi. Nichols alitoka na makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono. Baadaye Wamarekani waliufufua mgodi wenyewe, uliokuwa umefungwa na kujaa maji, na mawe mengine yakafuata: reli, mashua kwenye Mto Kasai, reli tena hadi Matadi, kisha bahari. Sehemu kubwa ya urani ya Mradi wa Manhattan ilitoka huko. Vita vilipokwisha Sengier akapewa nishani na serikali ya Marekani.

Mawe yakafika. Kulwa na Doto bado wamo ndani, wamekumbatiana. Marekani ikajenga mji mzima wa siri Tennessee, ukaitwa Oak Ridge, kazi yake kubwa ikiwa kuwaachanisha.

Walijaribu kila njia kwa wakati mmoja, kama mtu aliyechelewa mazishi anayewapigia simu madereva wote anaowajua. Njia ya tufani, yaani kuzungusha gesi kwa kasi mpaka wazito wasukumwe pembeni, ilifanyiwa kazi na Jesse Beams lakini mitambo ilivunjikavunjika, ikawekwa kando. Njia ya joto ilikuwa na mabomba 2,142 yaliyosimama wima, kila moja na urefu wa takriban mita 15, moto ndani na baridi nje, wepesi wakipanda taratibu upande wa moto. Jengo la K-25, lenye umbo la herufi U na kila mkono ukikaribia kilometa moja, lilisukuma gesi ya urani kupitia viwambo vyenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Doto hupita haraka kidogo kuliko Kulwa. Kidogo kiasi gani? Kwa kila kiwambo, hesabu ikienda vizuri kabisa, faida haifiki hata nusu ya asilimia moja. Ndiyo maana jengo lilikuwa refu vile. Ni chekeche ambalo inabidi ulirudie maelfu ya mara.

Njia ninayoipenda mimi ni ya nne, ya Ernest Lawrence, kwenye kiwanda cha Y-12. Unaichaji atomu ya urani umeme, unairusha ndani ya sumaku kubwa. Sumaku inaipindisha. Mzito anapinda kwa duara kubwa, mwepesi kwa duara dogo, na mwishoni mwa nusu duara unaweka vikombe viwili, kimoja cha Kulwa na kimoja cha Doto. Basi. Ni upepo wa kupepetea, ila upepo wenyewe ni sumaku. Mashine ziliitwa kalutroni, na zilijengwa zaidi ya elfu moja.

Sumaku zinataka nyaya, na shaba ilikuwa imemalizwa na risasi za vita. Wakaenda Hazina ya Marekani kukopa fedha, madini ya fedha, yatumike badala ya shaba. Inasimuliwa kwamba Nichols alipotaja idadi ya tani anazotaka, ofisa wa Hazina alimrekebisha kwa ukali: sisi hapa hatupimi fedha kwa tani, tunapima kwa wakia. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye duka la dhahabu Geita, ambako watu hugombania pointi moja ya gramu, atamwelewa yule ofisa. Walikopeshwa takriban tani 13,300. Za mwisho zilirudishwa Hazina mwaka 1970.

Waliokaa mbele ya kalutroni walikuwa wasichana. Wengi wametoka tu sekondari, watoto wa wakulima wa Tennessee. Ipo picha maarufu ya Ed Westcott, mpiga picha wa mradi: chumba kirefu, safu mbili za mitambo, wasichana wamekaa kwenye viti virefu, migongo imenyooka, nywele zimechanwa vizuri. Kila mmoja anaangalia sindano ya mita. Sindano ikienda kushoto, zungusha kitufe hiki. Ikienda kulia, zungusha kile. Ukishindwa, mwite msimamizi. Hawakuambiwa wanatenganisha nini. Walioulizauliza waliondolewa kazini. Nichols aliwashindanisha na madaktari wa fizikia wa Lawrence, na wasichana wakashinda, kwa sababu wataalamu kila sindano ilipotikisika walitaka kujua imetikisika kwa nini.

Hakuna kilichotupwa. Kila kalutroni ilikuwa inamwaga urani nyingi ukutani kuliko inayofika kikombeni, kwa hiyo kuta zilikwanguliwa na kuoshwa, na hata nguo za wafanyakazi zilishughulikiwa ili chembe zirudi. Mama mdogo alikuwa anakung'uta kanga yake juu ya karai jioni. Nilidhani ni usafi.

Tarehe 6 Agosti 1945, kilo 64 za urani zilidondoshwa Hiroshima. Katika hizo, iliyopasuka kwelikweli haikufika kilo moja. Wasichana wa Y-12 walijua siku hiyo, kupitia redio na magazeti, pamoja na dunia nzima, kile walichokuwa wakikitenga.

Nilidhani zebaki imebaki Copenhagen. La. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Oak Ridge walitaka isotopu nyingine, lithiamu ya 6, kwa ajili ya bomu la haidrojeni. Lithiamu ni nyepesi sana, na kwa vyepesi hivyo tofauti ya uzito wa mapacha huonekana kidogo hata kwenye kemia. Ikagundulika kwamba lithiamu ya 6 inaipenda zebaki kuliko inavyoipenda lithiamu ya 7. Uroho uleule wa karai! Wakatiririsha zebaki yenye lithiamu kuelekea upande mmoja na maji yenye lithiamu kuelekea upande mwingine, vikapishana, vikapishana, mpaka zebaki ikawa imembeba zaidi yule mwepesi. Walitumia zebaki inayokaribia tani 11,000. Mamia ya tani yalipotelea hewani, ardhini na kwenye kijito kinachoitwa East Fork Poplar Creek, kinachokatiza mjini. Watu wa mji walikuja kuelezwa ukubwa wa jambo hilo mwaka 1983, siri ilipofunguliwa. Usafishaji unaendelea mpaka leo.

Rwamagasa hatukuwa na siri, tulikuwa na mazoea. Miaka ileile niliyokuwa nachezea tone, kulikuwa na mradi wa Umoja wa Mataifa unaochunguza zebaki katika machimbo ya nchi kadhaa, na Rwamagasa ilikuwa moja ya sehemu zake. Watafiti walipima udongo, samaki, nywele, damu na mkojo wa watu. Walileta retoti, kile kifaa kinachofunika donge likichomwa ili mvuke urudi kuwa zebaki. Kinafanya kazi. Shida yake ni kwamba donge halionekani likigeuka njano, na mtu asiyemwamini mwenzake hataki dhahabu yake iivie gizani. Mtaalamu anayedhani wachimbaji wanakataa retoti kwa ujinga hajawahi kudhulumiwa gramu mbili.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia kwenye samaki na samaki wakaingia kwa watu. Minamata na Hiroshima: nchi moja ilipokea mwisho wa hadithi zote mbili. Huku Geita wengi wamehamia kwenye mitambo ya sayanaidi, inayotoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha kwenye marudio. Zebaki bado ipo. Uliza tu.

Na lile swali la nani mwenye chekeche halijaondoka. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia, pale serikali ilipozuia makontena 277 bandarini Dar es Salaam, mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi uliokuwa unakwenda kuyeyushwa ng'ambo. Wakati huo nilikuwa mwandishi mchanga, na nakumbuka mabishano kwenye daladala: ndani kuna nini? Kamati zilisema hivi, kampuni ikasema vile. Kichekesho kichungu ni kwamba mkoa ulioutoa ule mchanga haukuwa na mtambo wa kuumaliza ubishi. Sengier alijua kilichomo kwenye mapipa yake. Wachambuaji wa Shinkolobwe walijua uzito wake tu.

Kongo walipata kitu, lazima niseme. Mwaka 1959 mtambo mdogo wa nyuklia wa utafiti uliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, wa kwanza Afrika. Urani iliondoka kama jiwe, ikarudi kama fimbo za fueli zilizokwisha kuchenjuliwa kwingine. Baadaye fimbo mbili ziliibiwa, na moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Shinkolobwe yenyewe ilizibwa kwa zege wakati wa uhuru. Wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, serikali ikapiga marufuku mwaka 2004, na Julai mwaka huohuo sehemu ya machimbo ikaporomoka na kuua watu. Kwetu urani iko Mto Mkuju, Namtumbo. Ikichimbwa kwa wingi itaondoka ikiwa unga wa njano, Kulwa 993 na Doto 7, kama Mungu alivyowaumba. Kuwatenga kutafanyika kwa wenye tufani za kisasa, mitungi inayozunguka zaidi ya mara 50,000 kwa dakika, teknolojia ambayo nchi zilizo nayo hazizidi vidole vyako vya mikono na miguu.

Mama mdogo sasa anaishi Kahama kwa binti yake, anashona na kuuza vitenge. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Daktari amesema inaweza kuwa mambo mengi, na umri umekwenda. Alipimwa presha, sukari, macho. Zebaki hakupimwa, hospitali ile haikuwa na kipimo chake, na yeye mwenyewe hakuitaja, kwa sababu, aliniambia, "wangesema nimejitakia."

Mwezi uliopita nilimwonyesha kwenye simu ile picha ya Westcott. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha.

"Hawa wamekaa kwenye viti," akasema.

Nikamweleza: sindano, kitufe, kushoto, kulia, hawakuambiwa.

"Walilipwa?"

"Walilipwa mama mdogo. Vizuri tu. Walikuwa na nyumba, mabasi, mpaka ukumbi wa dansi."

"Na wale wa Kongo?"

Nikanyamaza. Akanirudishia simu, akavuta cherehani karibu na dirisha, akanipa sindano na uzi mweusi nimtungie.